Muziki wa Nyumba Mbili

Mume wangu Khalfani ana sifa moja ambayo mtaa wetu wote hapa Mabibo unaijua, nayo ni usawa. Akinunua kilo mbili za nyama, moja ni ya kwangu na moja ni ya mke mwenzangu Salma kule Temeke, na muuza nyama akizidisha mfupa upande mmoja, Khalfani anamrudisha kwenye mizani. Mimi nikipata doti ya khanga, Salma naye anapata doti, rangi ile ile, maneno yale yale. Siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Siku ya kuhama anaondoka baada ya sala ya alasiri, hata kama chai ndiyo kwanza imeingia mezani. Watu wanamsifu sana kwa hilo. Wanaume wengine wenye nyumba mbili huja kibandani kwake kumuuliza anawezaje, naye huwaeleza kwa mapana, utadhani anasomesha darasa.

Mimi naitwa Zubeda, ndimi mke wa kwanza. Nimezaliwa Mwananyamala, nikaolewa nikiwa na miaka ishirini na miwili, na kwa miaka kumi na saba nilikuwa na mume mzima. Halafu akaja Salma. Siku ambayo Khalfani alinieleza habari hiyo nilikuwa nakata suruali za shule, na moja niliikata mguu mfupi. Miaka tisa imepita na bado namwonea wivu mwanamke yule. Sioni sababu ya kuficha. Lakini wivu wangu si wa kugombana barabarani, ni wa kupeleleza. Nikisikia Temeke kimeingia kitu, siku hiyo silali vizuri mpaka nijue na kwangu kinakuja lini. Na kwa miaka yote hiyo, haki ya Mungu, kila kitu kilikuja.

Hata muziki ulikuja sawa. Khalfani ni fundi wa redio na amplifaya, kibanda chake kiko jirani na soko, na muziki ndiyo starehe yake pekee. Hataki sabufa za kutingisha madirisha. Yeye anataka muziki wa kukaa chini na kuusikiliza. Alitafuta amplifaya mbili za Kijapani za aina moja, mitumba, akazifufua kwa mkono wake. Maboksi ya spika yalitengenezwa na seremala mmoja, kwa ubao mmoja wa mninga, wiki moja. Waya alizipima kwa futi yangu ya ushonaji ili zilingane urefu. Seti moja ikakaa sebuleni kwangu, ya pili ikaenda Temeke.

Nyimbo zilikuwa kwenye flashi. Siyo flashi za vibandani, zile unazojaziwa nyimbo elfu mbili ndani ya robo saa. Khalfani alikuwa na sidii zake za taarabu na dansi alizozikusanya tangu ujana, akakaa na kompyuta kuzihamisha moja moja bila kuzibana. "Nyimbo zikiminywa zinakuwa nyepesi," alikuwa akisema. "Hizi hazijaminywa, ndiyo maana zimeenea mia tatu tu." Mia tatu kwangu, mia tatu Temeke. Nikikaa kwenye cherehani mchana kutwa zinanitosha, na nyingine nazijua mpaka mahali mwimbaji anapovuta pumzi.

Basi nilikuwa nimetulia. Mwaka huu akaja Farida kunitibua.

Farida ni shoga yangu tangu tukiwa watoto wa madrasa. Binti yake alijifungua huko Temeke, nyumba ya tatu kutoka kwa Salma, na Farida alikwenda kumwangalia. Aliporudi alipitia kwangu kabla hata ya kufika kwake. Hakukaa, alisimama mlangoni na ushungi wake.

"Shoga, kule kwa mwenzio hakuna flashi siku hizi."

"Kuna nini?"

"Kuna kidude, kidogo kama kipande cha sabuni. Mwenzio anashika simu yake, anaandika jina la wimbo, unatoka kwenye spika. Wimbo wowote, Zubeda. Hata uliotoka jana."

"Na kimenunuliwa na nani?"

Farida akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma. Nilivunja sindano mbili siku hiyo. Nilikuwa na nyimbo mia tatu tangu asubuhi, ilipofika adhuhuri nikaziona kama uchafu. Nilijiambia, Zubeda, miaka tisa ulikuwa unangoja kosa la mtu huyu, na kosa lenyewe ndilo hili.

Zamu yangu ilipofika, Khalfani hakupewa hata maji.

"Baba Talha," nikamwambia. Talha ni mwanetu mkubwa, yuko Mwanza kikazi. "Temeke kuna kidude cha muziki. Changu kiko wapi?"

Hakushtuka. Alikaa, akavua kofia. "Mama Talha, flashi ya Salma iliungua, umeme ulikuja kwa kishindo. Nikasema nijaribu hicho cha intaneti. Wewe una flashi nzima. Na nakwambia kama fundi, flashi ndiyo bora. Kile muziki wake mwepesi."

"Kama flashi ndiyo bora, mbona hukumpa flashi nyingine?"

"Alikiomba," akasema.

Mimi sikuwa nimewahi kuomba kitu katika nyumba hii, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinakuja chenyewe kwa mizani. Kumbe kuna kuomba. Nikamwambia siamini habari za bora na wepesi, nataka nisikie kwa masikio yangu. Akilete kidude hicho hapa, kishindane na flashi yangu, kwenye seti yangu, mbele ya shahidi.

Shahidi alikuwa Revelian, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Ni mtu mzima wa Bukoba, anafundisha kompyuta chuoni, mpole, na alipoitwa alikuja na daftari kana kwamba kuna mtihani. Khalfani alikileta kidude Ijumaa. Revelian alinikalisha nimeipa seti mgongo. Akasema jambo ambalo hata Khalfani hakuwa amelifikiria: lazima sauti za pande zote mbili zilingane kwanza, kwa sababu mtu akisikia kilicho juu kidogo hudhani ndicho kizuri. Akapima kwa simu yake, akarekebisha, akapima tena.

"Mama, nitaupiga wimbo mmoja mara mbili. Wewe utaniambia upi ni flashi."

Tukafanya mara kumi, na mara nane nikapatia. Kwa kidude, vinanda vilikuwa vimerudi nyuma, na mwimbaji hakuvuta pumzi. Khalfani akapiga makofi. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi vile. Nilimwona Salma kule Temeke amekaa na muziki wake mwepesi, nikamwonea huruma kama aliyonionea Farida.

Revelian akaharibu. Aliangalia simu akasema, "Samahani, mzee. Hiki mmekiweka kwenye kubana bando. Ngoja nikiweke kwenye ubora wa juu." Akabonyeza hapa na pale, tukarudia mara kumi nyingine. Nikapatia tano. Ni sawa na kubahatisha. Khalfani naye akataka kukaa kitini, akapatia nne, akalaumu kelele za bodaboda nje.

"Basi yameisha," Khalfani akasema. "Ni sawa kwa sawa. Hujadhulumiwa."

"Kama ni sawa kwa sawa," nikamjibu, "mpe Salma flashi yangu, mimi niachie hiki."

Revelian alianza kuangalia dari. Khalfani akachomoa kidude, akakitia mfukoni. Wiki iliyofuata nikaletewa kidude changu kipya, aina ile ile, rangi ile ile. Revelian akaniunganishia. Alieleza kwamba Khalfani analipia akaunti moja tu, kwa hiyo nyumba zote mbili zinatumia hiyo hiyo, na kila kidude kimepewa jina ili visichanganyikane. Changu kikaitwa Mabibo, kile kikaitwa Temeke.

"Ila mama," akasema, "haviwezi kupiga pamoja. Mmoja akiwasha, cha mwingine kinakatika."

Khalfani alikuwa nje anaongea na mteja. Yeye ni fundi wa enzi za kaseti, mambo ya waya anayajua hadi mwisho, ya intaneti anayajua nusu nusu. Sikumwita aje asikie.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mtu mwema. Niliandika majina ya nyimbo nilizokuwa nazisikia utotoni kwenye redio ya baba yangu, zikatoka, nikalia kidogo. Halafu ikaja zamu ya Salma. Saa kumi na mbili jioni nilifungua simu nichague wimbo wa kushonea, nikaona chini ya kioo maandishi madogo: Inachezwa sasa, Temeke. Na jina la wimbo.

Nilikaa nimeiangalia simu ile mpaka chai ikapoa. Miaka tisa nilikuwa najiuliza kinachoendelea kule baada ya alasiri, na sasa nyumba yao ilikuwa imefunguliwa dirisha mkononi mwangu. Ulikuwa wimbo wa dansi, wa mapenzi, ule wa polepole. Ukaisha, ukaja mwingine wa aina hiyo. Kwangu Khalfani hajawahi kupiga nyimbo mbili za polepole mfululizo. Kwangu anapiga wimbo mmoja, anasimama, anarekebisha spika.

Nikabonyeza.

Temeke ikafutika. Ikaandika Mabibo. Sebuleni kwangu ikaanza taarabu ya mipasho, nami nikacheka peke yangu mpaka mpita njia akachungulia.

Tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine. Zamu ya Salma ikifika nawaachia waanze, wakolee, wimbo ukifika katikati nabonyeza. Wakirudisha, nawapa dakika mbili, nabonyeza tena. Khalfani alikuwa anarudi Mabibo amechoka. "Temeke mtandao mbovu sana," ananiambia, nami namwongezea mchuzi na kumpa pole. Alipanda juu ya bati la Salma kuhamisha antena ya intaneti. Alibadilisha waya zote. Alibadilisha mpaka plagi. Nilimwambia labda ni majirani. Najua ni dhambi, na nilikuwa naomba toba kila siku, ila toba naomba asubuhi na kidude nabonyeza jioni.

Jambo moja tu lilikuwa likinisumbua. Khalfani akiwa kwangu, muziki wangu haukuwahi kukatika. Hata mara moja. Nilijiambia Salma hajui, hana akili ya kugundua. Nikaona nimemshinda kwa akili, na hilo nalo likanifurahisha.

Mchezo ule ulidumu miezi minne. Siku iliyouvunja ilikuwa Jumatano, zamu ya Salma, siku yake ya pili. Nilikuwa na sare thelathini za kumaliza, na Mungu ni shahidi, sikuwa nimegusa simu tangu asubuhi. Saa tisa na nusu ikaita. Namba ya Salma ninayo, tunapigiana kwenye misiba.

"Dada Zubeda, shikamoo."

"Marahaba. Kwema?"

"Kwema, dada. Pole na presha. Unaendeleaje?"

"Presha ya nani?"

"Baba Talha kasema umezidiwa. Kaondoka tangu asubuhi, kasema leo anashinda huko kwako akuangalie. Mie sikukasirika, dada, ugonjwa ni ugonjwa. Nilikuwa nataka kuomba kitu kimoja tu. Mnaniachia nimalizie huu wimbo? Mmenikatia mara sita."

Nikaacha cherehani. "Nani anakukatia?"

"Dada, mie najua siku nyingi. Yule mpangaji wenu, Revelian, alimwelezaga shemeji yangu anayesoma chuoni kwake kinavyofanya kazi, naye akaniambia. Siangaliagi hata simu, nikiona imekatika najua ni wewe. Nikasema mwache, ni mkubwa wangu. Hata zamu yako ikifika siwashagi, nasema wacha nao wakae kwa raha."

Aibu iliyonipata siku ile siwezi kuieleza, na katikati ya aibu hiyo hiyo nikamchukia zaidi kwa kuwa mwema. Ndipo maneno yake ya kwanza yakanirudia.

"Salma, mimi siumwi. Khalfani hayupo hapa. Na leo sijagusa kitu."

Nilisikia muuza maji akipita mtaani kwake.

"Sasa nani ananikatia?" akauliza.

Nikafungua simu huku yeye yuko hewani. Chini ya kioo palikuwa pameandikwa Inachezwa sasa, na jina si Mabibo wala si Temeke. Nikabonyeza orodha ya vifaa. Vilikuwa vitatu. Mabibo. Temeke. Tegeta.

"Salma, angalia simu yako."

"Naangalia." Kisha, kwa sauti ndogo, "Tegeta kuna nani?"

"Unaniuliza mimi?"

Wimbo wenyewe ulikuwa singeli, ule muziki wa vijana wa mbio mbio. Mume wangu akisikia singeli kwenye gari huteremka kituo kisicho chake. Huko Tegeta alikuwa anaisikiliza ya tatu mfululizo, kwenye seti ambayo nina hakika maboksi yake ni ya mninga na waya zimepimwa zikalingana. Maana Khalfani hadhulumu mtu. Alikuwa amempa na huyo haki yake kamili, kama sisi.

Salma akaanza kulia. Nitasema ukweli: nilitaka kufurahi. Kilio kile nilikuwa nakidai kwa miaka tisa, kwa sababu ndicho nilicholia mimi, kwa sababu yake. Nilingoja furaha ije. Haikuja. Nilichosikia ni wivu, lakini mpya, mkubwa kuliko ule wa zamani, na safari hii haukuwa wa kwangu peke yangu. Hata wivu nagawiwa nusu, nikawaza.

"Nyamaza," nikamwambia. "Funga nyumba, panda bajaji, uje."

"Nije huko kwako?"

"Kwani unapajua pengine?"

Alifika baada ya saa nzima, amevaa dera la nyumbani na mtandio juu. Miaka tisa hakuwahi kukanyaga sebule yangu. Nilimpa maji. Hakuyanywa, alikuwa anaitazama seti. Amplifaya, spika, kidude juu yake, na chini ya kidude kitambaa cheupe cha kufuma ambacho Khalfani aliniletea Idi iliyopita.

"Hata kitambaa?" akasema.

"Na wewe unacho?"

"Aliniambia kipo kimoja tu."

Nikakitoa kitambaa, nikakitupa chini ya cherehani. Tukakaa kwenye kochi moja, simu yangu katikati yetu. Singeli ilikuwa inaendelea, tunasoma jina lake tu, hatuisikii. Nikabonyeza. Tegeta ikafutika, spika zangu zikaanza kuimba. Tukahesabu moyoni. Kabla ya nusu dakika zikakatika, na Tegeta ikarudi.

"Mwenyewe anadhani mtandao," Salma akasema.

"Hata kwako alianzia hapo."

Akachukua simu, akabonyeza yeye. Tegeta ikafutika, ikarudi. Nikabonyeza mimi. Hatukuwa tunacheka. Huko Tegeta kulikuwa na mwanamke ambaye hatumjui, ana umri tusioujua, na alikuwa anamwambia mume wetu kwamba muziki unakatika, naye bila shaka alikuwa ameshapiga magoti kukagua waya.

Mara ya tano, simu ikaita mkononi mwangu. Alikuwa Khalfani. Nikaweka sauti ya nje.

"Mama Talha, hujambo? Hebu muulize Revelian, hapa muziki unakatika kila dakika. Kuna shida gani?"

"Hapo wapi, Baba Talha?"

"Temeke. Si zamu ya mwenzio leo, umesahau?"

"Sijasahau," nikasema. "Mwenyewe yuko karibu?"

"Yupo jikoni."

Nikampa Salma simu.